Njia Nyingi kwa Ujumbe Mmoja: Nani Alitangulia?

Barabara ya Taifa Namba 27 inatoka Bunia kuelekea Komanda, mwendo wa kilomita 75 hivi, na Marabo iko kwenye barabara hiyo, jirani na Nyankunde, katika teritori ya Irumu. Msafiri wa huko haulizi mafuta na nauli tu. Anauliza kwanza habari za mbele: njia imetulia au haijatulia? Simu basi ni sehemu ya safari yenyewe. Sasa mnara ukizimika kwa kukosa mafuta ya jenereta, au betri zake zikiporwa, au serikali ikifunga intaneti nchi nzima kama ilivyofanya baada ya uchaguzi, kuanzia tarehe 31 Desemba 2018 hadi wiki ya tatu ya Januari 2019, mtu lazima ajiulize: simu hizi zilizojaa mifukoni haziwezi kupokezana ujumbe zenyewe kwa zenyewe, bila mnara? Na njia moja ikikatika, ujumbe usipite kwingine?

Zinaweza. Tena wazo hilo ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani, na mzozo unaanzia hapo. Kampuni na watafiti kadhaa wamewahi kudai kwamba wao ndio waliobuni namna ya kupitisha ujumbe kwa njia nyingi katika mitandao ya papo kwa papo, yaani kundi la vyombo vinavyotembea, lisilo na mnara wala msimamizi, ambamo kila chombo ni mtumaji, mpokeaji na mpitishaji wa ujumbe wa wenzake. Wengine wameombea madai hayo hataza. Dai la namna hiyo likisimamishwa mbele ya historia linabaki na nini? Hilo ni swali la wanasheria. La pili wao hawaliulizi: katika yote yaliyokwisha kuvumbuliwa, ni kipi kinachofaa barabara ya Bunia na Komanda?

Tuanze na kipimo chenyewe. Hataza humpa mwenyewe haki ya pekee kwa miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi, kwa sharti kwamba alicholeta ni kipya na hakikuwa dhahiri kwa fundi wa kazi hiyo. Upya hupimwa kwa kulilinganisha dai na kila kitu kilichokuwa wazi kwa watu kabla ya siku ile. Ili dai lianguke kwa kukosa upya, lazima andiko moja la zamani liwe na vipengele vyake vyote. Kikipungua kimoja, mpinzani hutumia mlango wa pili: anaonyesha kwamba fundi wa kawaida angeunganisha maandiko mawili au matatu bila taabu akafika palepale. Nchini Marekani mlango huo ulipanuliwa na Mahakama Kuu tarehe 30 Aprili 2007 katika kesi ya KSR dhidi ya Teleflex, iliyosema kwamba kuunganisha vitu vinavyojulikana, kila kimoja kikifanya kazi yake ileile, kwa kawaida si uvumbuzi.

Kwa hiyo dai la njia nyingi halipingwi kwa jumla. Hukatwa vipande. Kuna kipande cha kupokezana ujumbe bila kituo kikuu. Kuna cha vyombo kutembea na viungo kukatika ovyo. Kuna cha kujua njia zaidi ya moja kwa wakati mmoja, cha kuhakikisha njia hizo hazishirikiani mahali popote, na cha kugawa ujumbe ili kila sehemu ipite kwake. Kila kipande kina ukoo wake.

Kupokezana ni kwa kale kabisa. Mwaka 1914 Hiram Percy Maxim, mpenzi wa redio wa Hartford, Connecticut, alitaka kupeleka ujumbe Springfield, Massachusetts, akashindwa kufika moja kwa moja. Alimwomba mwenzake wa Windsor Locks, aliyekuwa katikati, aupokee na kuusukuma mbele. Ukafika. Mwaka huohuo akaanzisha chama cha wapenzi wa redio cha Marekani kilichobeba neno la kupokezana katika jina lake, American Radio Relay League, na wanachama wake wakajenga minyororo ya vituo vya watu binafsi vilivyopitishiana ujumbe kwa mkono. Hapakuwa na kompyuta. Kichwa cha mtu ndicho kilichojua jirani gani anasikika leo na gani hasikiki.

Kompyuta ilifuata. Mwaka 1964 Paul Baran wa shirika la RAND alichapisha mfululizo wa ripoti kuhusu mawasiliano yaliyotawanywa. Hofu yake ilikuwa vita vya nyuklia: mtandao wenye kitovu kimoja hufa kitovu kikipigwa, na mtandao uliofumwa kama wavu huendelea kuishi hata ukipoteza vituo vingi, maadamu kila kituo kina majirani kadhaa. Hesabu zake zilionyesha kwamba si lazima kila kituo kiunganishwe na kila kingine. Viungo vitatu au vinne kwa kila kituo huleta uthabiti wa ajabu. Mwaka 1975 Nicholas Maxemchuk, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alikwenda mbele zaidi. Alipendekeza ujumbe ukatwe vipande, vipande vipite njia mbalimbali kwa pamoja, na viongezwe vipande vya ziada ili mpokeaji aweze kuujenga ujumbe mzima hata baadhi vikipotea. Miaka 14 baadaye Michael Rabin akalipa wazo hilo hisabati yake kamili, na mwaka 1993 Ayanoglu, Gitlin na wenzao wakalipeleka kwenye mitandao yenye viungo vinavyokatika. Kwa hiyo anayedai leo kwamba amebuni kugawa ujumbe katika njia nyingi pamoja na vipande vya akiba, amechelewa kwa karibu nusu karne.

Njia zisizoshirikiana nazo? Mwanahisabati Karl Menger wa Vienna alithibitisha mwaka 1927 kwamba idadi kubwa kabisa ya njia zisizoshirikiana kituo chochote kati ya pointi mbili ni sawa na idadi ndogo kabisa ya vituo ambavyo ukiviondoa, pointi hizo mbili zinatengana. Nadharia hiyo tutaihitaji tukirudi Marabo. Mwaka 1974 J. W. Suurballe akatoa hatua za kuzitafuta njia hizo kwa gharama ndogo kabisa. 

Ugumu halisi uko kwenye kutembea. Menger na Suurballe wanadhani ramani yote iko mezani. Katika mtandao wa papo kwa papo hakuna mwenye ramani, na ukiichora inachakaa kabla wino haujakauka. Hapa ndipo anayetetea hataza husimama na kusema: sawa, wazee walijua njia nyingi, lakini walijua kwenye waya. Ni hoja nzuri. Inavunjwa na mambo mawili.

La kwanza ni mradi wa redio za pakiti ulioanzishwa na wakala wa utafiti wa ulinzi wa Marekani, DARPA, mwaka 1973, ukifuata nyayo za ALOHA, mtandao wa redio ambao Norman Abramson aliujenga Hawaii. Tarehe 22 Novemba 1977 gari la taasisi ya SRI lilitembea barabarani karibu na San Francisco likituma pakiti kwa redio huku likienda. Pakiti zikapita mtandao wa waya, zikavuka bahari kwa setilaiti hadi Ulaya, zikarudi California. Wengi huikumbuka siku hiyo kama mwanzo wa intaneti. Mtafiti wa hataza anapaswa kuangalia kitu kingine: itifaki za mradi huo, zilizoelezwa na John Jubin na Janet Tornow katika jarida la wahandisi wa umeme la IEEE mnamo Januari 1987. Pakiti iliposhindwa kupita kwa jirani aliyepangwa, redio iliitangaza upya kwa alama maalumu, na jirani mwingine yeyote aliyekuwa karibu zaidi na mwisho wa safari aliruhusiwa kuichukua. Hiyo ni njia mbadala, kwenye redio, kwenye chombo kinachotembea, imeandikwa na imechapishwa.

La pili lina uzito zaidi, ingawa wasio wahandisi hawalijui. Januari 1981 Eli Gafni na Dimitri Bertsekas walichapisha makala kuhusu kutengeneza njia zisizo na mzunguko katika mitandao ambayo umbo lake hubadilika mara kwa mara. Wazo lao ni jepesi na zuri. Kila kiungo kipewe mwelekeo, kana kwamba maji yanateremka kwenda kwa mpokeaji. Kituo kinachojikuta kimezungukwa na miinuko pande zote, bila pa kutokea, kinageuza mwelekeo wa viungo vyake, na mageuzi yanaenea kidogo kidogo hadi kila kituo kipate tena pa kuteremkia. Matokeo yake ni kwamba kituo chaweza kuwa na materemko mawili, matatu au zaidi kwa wakati mmoja. Njia nyingi zinapatikana bila mtu kuziomba. Mwaka 1997 Vincent Park na Scott Corson waliichukua mbinu hiyo wakaijenga kuwa itifaki ya TORA kwa ajili ya redio zinazotembea. Kwa maoni yangu dai lolote pana linalosema tu «kutunza njia zaidi ya moja katika mtandao unaobadilika» lilikufa Januari 1981, na TORA ilikuja kulizika.

Kilichobaki hai baada ya hapo ni namna: unazipataje njia hizo bila kuujaza mtandao kelele? Miaka ya 1999 hadi 2001 ndiyo yenye utajiri, na inafaa kuitazama polepole.

Itifaki mbili zilikuwa zimeshika uwanja. Ya kwanza, DSR ya David Johnson na David Maltz, ilitoka mwaka 1996: mtumaji huandika orodha nzima ya vituo juu ya pakiti, na kila kituo huhifadhi njia kinazozisikia. Ghala hilo laweza kuwa na njia kadhaa kwenda mahali pamoja, kwa hiyo DSR ilikuwa na mbegu ya njia nyingi tangu siku ya kwanza. Ya pili ni AODV ya Charles Perkins na Elizabeth Royer. Rasimu yake ilianza kuzunguka Novemba 1997, makala ikatoka 1999, na Julai 2003 ikawa waraka RFC 3561. Mtumaji asiyejua njia hupeleka ombi kwa majirani wote, nao kwa majirani zao, likaenea kama mbiu ya mgambo hadi kumfikia anayetafutwa. Kila kituo hukumbuka ni nani aliyekiletea ombi kwanza, na jibu hurudi kwa nyayo hizo.

Angalia kinachotupwa. Ombi lilelile hukifikia kituo mara nyingi, kupitia majirani mbalimbali, na AODV hulisikiliza la kwanza tu. Zinazofuata huhesabiwa takataka. Lakini kila nakala iliyochelewa ni habari kwamba kuna njia nyingine! Karibu utafiti wote wa njia nyingi wa miaka ile ni namna mbalimbali za kuziokota nakala zilizotupwa.

Asis Nasipuri na Samir Das walikuwa wa mapema: mwaka 1999 walionyesha jinsi mpokeaji katika DSR anavyoweza kujibu maombi kadhaa, ili mtumaji na hata vituo vya katikati wawe na njia ya akiba isiyoshirikiana na ile kuu. Sung-Ju Lee na Mario Gerla wa UCLA walifuata mwaka 2000 na AODV-BR, ambamo majirani walio kandokando ya njia kuu husikiliza jibu likipita na kujiandaa kuokoa pakiti kiungo kikikatika. Mwaka 2001 walileta SMR. Katika SMR kituo cha katikati huruhusiwa kupitisha nakala ya pili ya ombi, mradi imekuja kwa kiungo tofauti na haikupita hatua nyingi kuliko ya kwanza. Hakiruhusiwi kujibu kutoka ghala lake. Na mpokeaji, akiwa na picha pana, huchagua njia mbili zinazotofautiana zaidi, kisha mzigo hugawanywa kati yake.

Mwaka huohuo wa 2001 Mahesh Marina na Samir Das walitoa AOMDV, na mimi naiona kuwa kazi bora kuliko zote za kundi hilo. Hatari ya njia nyingi ni mzunguko: kituo A kinadhani B ni njia mbadala, B naye anadhani hivyo kuhusu A, na pakiti inachezeshwa kati yao hadi ife. Marina na Das walilitatua kwa kila kituo kutangaza idadi ya hatua za njia yake ndefu kabisa, na kukataa njia yoyote ya jirani isiyopungua hapo. Kisha, ili kujua kama njia mbili zinashirikiana kiungo, hawakubeba orodha nzima ya vituo kama DSR. Walibeba vitu viwili tu: hatua ya kwanza na hatua ya mwisho. Vikitofautiana vyote viwili, kwa kufuata kanuni zao njia hizo hazishirikiani kiungo. Gharama ni ndogo kupita kiasi, na ndiyo sababu kila anayeandika dai jipya leo lazima kwanza aonyeshe amepishana wapi na AOMDV.

Nyingine nazitaja kwa haraka. Papadimitratos na Haas walitumia njia nyingi kwa usalama mwaka 2003. Lou, Liu na Fang walifanya hivyo mwaka 2004, wakikata siri kwa mbinu ya Adi Shamir ya 1979, ili adui anayesikiliza njia moja asiambulie kitu. Jiazi Yi na Benoît Parrein waliipeleka njia nyingi katika itifaki ya OLSR toleo la pili, na Agosti 2017 ikachapishwa kama RFC 8218, waraka wa majaribio.

Hesabu ya miaka sasa inajitokeza yenyewe. Maombi ya hataza yaliyowasilishwa katika msimu ule wa neema, tuseme hadi mwisho wa 2004, yamemaliza miaka yake 20, ukiacha siku za nyongeza ambazo ofisi ya Marekani huwapa baadhi ya waombaji.  Sehemu kubwa ya ujuzi wa kizazi hicho sasa ni mali ya umma. Tena hataza haivuki mpaka. Iliyotolewa Washington haina nguvu Ituri, maana Kongo ina sheria yake ya mali ya viwandani, Namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982, na asiyesajili Kinshasa hana dai Bunia. Fundi wa Marabo anayetaka kuandika programu ya simu yenye mbinu za AOMDV haombi ruhusa ya mtu.

Lakini kuna upande wa historia hii usioandikwa, nao uko mashariki mwa Kongo. Simu za serikali zilipooza enzi za Zaire, na kazi yao ikachukuliwa na foni, redio ya mawimbi mafupi. Misheni, hospitali, mashirika ya ndege ndogo na wafanyabiashara walikuwa nayo. Mijini zilikuwapo ofisi ambamo mtu alilipa ili azungumze na nduguye wa mbali. Mwendeshaji wa foni alijua saa ya kila kituo. Alijua kwamba mchana hupanda masafa na usiku hushuka. Na Bunia isiposikiana na kituo fulani saa ile, kwa sababu anga limefunga, hutafutwa kituo cha tatu kinachowasikia wote wawili, kikabeba ujumbe. Kisipopatikana hicho, kingine. Baada ya mauaji ya waasi wa LRA katika Uele, kamisheni ya haki na amani ya dayosisi ya Dungu na shirika la Invisible Children walijenga mtandao wa vituo vya foni vijijini uliokusanya habari za mashambulizi kila siku, na tangu Septemba 2011 habari hizo zikaanza kuonyeshwa hadharani kwenye ramani ya intaneti. Hizo zilikuwa njia nyingi, zikichaguliwa kwa wakati, katika mtandao ambao viungo vyake hufunguka na kufungwa kwa saa.

Je, ujuzi huo ungehesabiwa mbele ya ofisi ya hataza? Jibu lilitegemea ofisi ipi. Mkataba wa hataza wa Ulaya wa 1973, kifungu cha 54, unahesabu chochote kilichowekwa wazi kwa maandishi, kwa mdomo, kwa matumizi au kwa namna nyingine yoyote, popote pale. Sheria ya Mali ya Viwandani ya Kenya ya 2001 inafanya vivyo hivyo. Marekani ilikuwa tofauti: kwa muda mrefu matumizi ya hadharani nje ya nchi hiyo, yasiyochapishwa wala kupewa hataza, hayakuhesabiwa. Mwendeshaji wa foni wa Nyankunde angeweza kufanya jambo kwa miaka 30 mbele ya macho ya wote, na mtu wa Texas akaliombea hataza bila kizuizi hicho. Mpaka huo uliondolewa kwa maombi yaliyowasilishwa kuanzia tarehe 16 Machi 2013. Hata hivyo mlango kufunguliwa ni jambo moja na kuingia ni lingine, kwa sababu anayepinga hataza lazima athibitishe tarehe na athibitishe maelezo. Daftari la foni lililoliwa na mchwa halithibitishi kitu. Na kwa haki, ujuzi wa mwendeshaji haungeiangusha AOMDV: yeye alichagua kwa akili, hakuandika kanuni ambayo mashine ingeifuata. Ungeangusha madai mapana tu, yale ambayo 1981 ilikwisha kuyaangusha.

Turudi barabarani, na nadharia ya Menger mkononi. Makazi ya upande huo yamejipanga kwa kiasi kikubwa kandokando ya barabara. Mtandao wa simu zinazopokezana kwa Wi-Fi, zinazosikiana mita 100 hivi, utakuwa na umbo la barabara: mstari. Katika mstari, kituo kimoja kikiondoka, pande mbili zinatengana. Kwa hiyo idadi ya njia zisizoshirikiana ni moja, na hakuna itifaki duniani, iwe SMR au AOMDV, itakayozaa ya pili. Kilomita 75 kwa hatua za mita 100 ni hatua 750. Kundi la MIT la akina Jinyang Li na Robert Morris lilionyesha mwaka 2001 kwamba katika mnyororo wa redio za aina hiyo kinachofika mwisho ni karibu sehemu moja kwa saba tu ya uwezo wa kiungo, maana majirani wanazibana masikio. Na hapo ni kama kila simu iko mahali pake na ina chaji.

Msongamano ukiwapo, tuseme sokoni Bunia au katika kambi ya wakimbizi wa ndani, njia nyingi zinapatikana, ila faida yake ni ndogo kuliko matangazo. Pearlman, Haas na wenzao walionya mwaka 2000 kwamba njia mbili zilizo karibu, kwenye mawimbi yaleyale, zinakwamishana hata kama hazishirikiani kituo hata kimoja. Ganjali na Keshavarzian waliongeza mwaka 2004 kwamba ili mzigo ugawanyike vizuri kuliko kwa njia moja fupi, zinahitajika njia nyingi mno, zaidi ya inavyowezekana kwa vitendo. Kwa hiyo anayeuza njia nyingi kama kasi anauza upepo. Faida yake ya kweli ni akiba: kiungo kikikatika, ujumbe hausubiri mbiu mpya.

Kwa barabara kama ya Marabo ningetazama ukoo mwingine wa ujuzi huo. Mwaka 2000 Amin Vahdat na David Becker walipendekeza chombo kibebe ujumbe hadi kikutane na kingine, hata baada ya saa nyingi; mwaka 2003 Kevin Fall akaujengea utaratibu mzima mtandao unaovumilia kuchelewa. Nchini Kambodia, mradi wa DakNet ulizifungia pikipiki vifaa vya Wi-Fi vilivyochukua barua pepe za shule na zahanati za Ratanakiri na kuzifikisha mjini. Pikipiki Ituri hazihesabiki. Kila moja inayopita Marabo ni kituo kinachotembea, na pikipiki tatu zinazobeba nakala ya ujumbe mmoja kwa saa tofauti ni njia tatu, zimetenganishwa na wakati badala ya mahali. Menger hapingi, kwa sababu mstari wa barabara unakatika leo na kufunguka kesho. Kwa habari ya dharura ya dakika hii, foni bado haijapata mshindani. Redio ndogo za masafa marefu na nguvu kidogo zinazouzwa siku hizi zingepunguza zile hatua 750 ziwe chache, lakini zina tatizo ambalo makala za wahandisi hazina: katika jimbo lililowekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, kijana anayekutwa na redio asiyoweza kuieleza ataulizwa anamtumikia nani. Kibali cha mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, kitangulie antena.

Kuna mifano ya karibu ya mitandao ya jamii ya kujifunzia. Kisiwani Idjwi, Ziwa Kivu, jamii ilipata Pamoja Net. Bukavu kukawa na Mesh Bukavu. Kibera, Nairobi, kuna TunapandaNET. Yote imeegemea antena zilizosimama juu ya paa, kwa hiyo tatizo la kutembea halikuwagusa sana. Lile la kubaki na njia ya akiba umeme unapokatika liliwahusu wote.

Hukumu yangu ni hii. Dai pana la njia nyingi halina mwenyewe na haliwezi tena kumpata. Dai jembamba, lenye kanuni mpya ya redio za polepole au la vyombo vinavyokutana kwa nadra, bado laweza kuwa jipya, na upungufu mkubwa uko kwenye vipimo vya mahali halisi: viungo vya mashariki mwa Kongo hukatika mara ngapi, kwa saa ngapi, na pikipiki hupita kwa mpangilio gani. Makala nyingi nilizozitaja zilijaribiwa ndani ya kompyuta, vituo vikitangatanga ovyo katika uwanja wa mstatili usio na mlima wala kizuizi cha barabarani. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Bunia na cha Shalom, waendeshaji wa zamani wa foni bado wako miongoni mwenu. Waulizeni, pimeni barabara yenu, andikeni kwa maelezo ambayo fundi mwingine ataweza kuyafuata, wekeni tarehe, na chapisheni mahali ambapo mtahini wa hataza wa Munich au Nairobi anaweza kusoma.